Chumba cha Boila

Miaka kumi na tisa Orest amesimama kushoto kwangu,
nusu hatua nyuma ya taa,
anapiga gitaa la besi kama mtu anayeshikilia ngazi
ili mwingine apande.
Kwenye maikrofoni sijamsikia akisema
zaidi ya "moja, mbili",
na hizo nazo huzisema kama anaomba radhi.

Januari hii, Winnipeg, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
magari ya mtaa wa Selkirk yamechomekwa waya za umeme
kama wagonjwa kwenye dripu, injini zisigande,
aliniletea kaseti mlangoni.
Hakuvua kofia. "Sigga," akasema, "ni kitu kidogo tu,
cha pembeni."
Akaondoka kabla sijauliza: pembeni ya nini?

Kaseti hamsini, kazirekodi mwenyewe
kwenye chumba cha boila cha mama yake,
katikati ya mitungi ya kabichi iliyochachuka.
Dunstan, mwimbaji wetu, alikuwa keshaipata yake.
Alinipigia simu akicheka hadi akapaliwa.
"Ana miaka arobaini na minne, fundi friji,
leo anafoka! Atafoka nini, bei ya gesi?"

Na kweli, wimbo wa tatu ni bei ya gesi.

Niliusikiliza ndani ya gari la bendi,
ndilo pekee lenye tundu la kaseti,
vioo vimeota barafu kwa ndani, glavu sijavua.
Biti ni boila lenyewe linawaka, linanguruma, linazima,
na juu yake sauti nisiyoijua
ya mtu ninayemjua:

*Friji ya mjane ina maziwa, nusu limau,
na dawa ya marehemu, kuitupa asahau;
naifungua mgongo, vumbi lake napangua,
bili naweka sifuri, bosi wangu hatojua.*

Nilihesabu kwa vidole juu ya usukani. Nane kwa nane.
Kumbe miaka yote hiyo, nyuma ya kelele zetu,
alikuwa anapima.

Sitasema albamu nzima ni nzuri.
Wimbo wa tano unachosha, wa sita anajaribu hasira
na hasira haimkai, inampwaya
kama koti la kaka mkubwa.

Wa saba ukaanza na ngoma.
Ngoma yenye kilema:
dum, ka, dum, halafu pengo, halafu kitu kinaanguka,
kinabingirika, kinatulia.
Tena. Dum, ka, dum, pengo, kinaanguka.
Mikono yangu ililijua kabla yangu.

Saskatoon, miaka kumi na mitatu iliyopita, tunajaribu vyombo.
Dada yangu alikuwa ameingia kwa mlango wa jukwaa,
hajasema neno, nami nikaona uso wake
nikajua ni baba.
Fimbo ilinitoka mkononi.
Nani alikuwa anarekodi?
Nani aliuweka mkanda ule, miaka kumi na mitatu,
akaukata hapo hapo, akaufunga duara
fimbo iwe inaanguka na kuanguka
na isifike mwisho?

Nilikasirika. Niliuzima.
Nikakaa na pumzi yangu inayofuka.
Nikauwasha.

Dakika nne, na humo Orest hafoki hata neno.
Katika dakika ya pili besi inaingia, chini kabisa,
wala haizibi lile pengo.
Inasimama kando yake.

Ijumaa mazoezini hakuna aliyeitaja kaseti.
Dunstan alilalamikia kipaza sauti chake, kama kawaida.
Orest alikuwa anakunja waya, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja,
hanitazami.

Nikamwambia friji yangu inakohoa,
apite Jumapili, aisikilize.

Friji yangu haikohoi.
"Nitakuja na vifaa," akasema.